Sabuni Ilikuwa Kabatini

Kucha za miguu za shangazi yangu zilikuwa zimerefuka hata zikajikunja na kuanza kuchoma nyama ya vidole. Hilo ndilo nililoliona kwanza nilipofunua blanketi. Leo mimi mwenyewe ni bibi, binti yangu ndiye anayenikatia kucha, na kila akimaliza mguu mmoja nalikumbuka blanketi lile na damu inanichemka.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, hapa Gisenyi, kando ya ziwa Kivu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, ambako alishona nguo kwa miaka miwili, na nilikuwa na haraka ya kumwona shangazi kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyetulea, mimi na kaka yangu, baada ya mama kufariki. Mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Katika mtaa wetu wa Waswahili, shangazi alijulikana kwa kazi moja. Mwanamke akifariki, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha. Nilipokuwa msichana mkubwa alinichukua mara mbili tatu nimshikie ndoo. Maji aliyapima kwanza kwenye kiwiko chake, yasiwe ya moto wala ya baridi. Akinyanyua mkono wa marehemu aliunyanyua taratibu, na msaidizi akivuta kwa nguvu alimkemea: "Polepole, utamuumiza." Nilidhani amesahau kwamba yule mtu hana tena maumivu. Hakuwa amesahau. Hivyo ndivyo alivyoamini mwili wa mtu unavyostahili kushikwa.

Tulipokuwa Bukavu, aliteleza kwenye mawe ya ufukweni akifua nguo, akavunjika nyonga. Mfupa uliungana vibaya, hakuweza kusimama tena. Kaka aliniandikia kwamba amempeleka katika nyumba ya wazee iliyo mteremkoni nyuma ya mji. Sitaitaja kwa jina, wala sitasema ilijengwa na nani. Barua ilisema: "Shangazi yuko mahali pazuri, analala kitanda cha chuma, anapewa chakula, na daktari mzungu anamwangalia." Niliisoma mara mbili na kumshukuru Mungu. Kitanda cha chuma, mimi mwenyewe sikuwa nacho.

Nilikwenda Jumapili, siku ya kutembelea. Chumba cha wanawake kilikuwa na vitanda sita, na dirisha moja lililofungwa, eti kwa ajili ya baridi inayoshuka kutoka kwenye volkano. Harufu ya mkojo ilinifanya nisimame mlangoni. Nilimtafuta shangazi kwa macho na sikumwona. Ilibidi nipite kitanda kwa kitanda kama mtu anayetafuta mzigo wake bandarini, mpaka nikaijua kanga yake, ile aliyoivaa siku ya harusi yangu. Alikuwa amelala chini ya dirisha, ameelekea ukutani.

"Shangazi, ni mimi. Nimerudi."

Hakugeuka. Alisema, "Usinisogelee, mwanangu. Ninanuka."

Nilisogea. Nikafunua blanketi, nikaona zile kucha. Nikafunua zaidi. Godoro la majani lilikuwa limelowa, likakauka, likalowa tena, hata limeota madoa kama ramani. Chini ya mgongo, pale kiuno kinapoishia, palikuwa na kidonda ambacho ningeweza kukifunika kwa kiganja changu. Kitambaa kilikuwa kimegandia humo. Nywele zake, ambazo alizisuka kila Alhamisi maisha yake yote, zilikuwa zimeshikamana kuwa kitu kimoja, na chawa walikuwa wakitembea juu yake mchana kweupe bila woga.

Nilimuuliza alioga lini. Akafikiri. "Mvua za kwanza," akasema. Mvua za kwanza! Na wakati ule tulikuwa tumeshavuna maharage.

Kisha akaniambia jambo ambalo liliniuma kuliko kidonda.

"Siswali tena."

"Kwa nini, shangazi?"

"Nitasimamaje mbele ya Mungu na mkojo huu?"

Nilijua, na yeye alijua kuliko mimi, kwamba mgonjwa ana ruhusa zake, kwamba Mungu humpokea mtu katika hali aliyonayo. Alikuwa amewaambia hivyo wagonjwa wengi. Lakini huu haukuwa ugonjwa. Ulikuwa uchafu wa kuwekewa na watu, na aliona haya kuupeleka mbele ya Mungu kana kwamba ni wake.

Nilimfuata mwangalizi wa nyumba. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, amekaa barazani na daftari lake. Nilimsalimu kwa adabu, kisha nikamuuliza kwa nini wazee hawaoshwi.

"Mama, maji iko mbali," akasema.

Pale alipokaa, ukigeuza shingo kidogo tu, unaliona ziwa lote la Kivu limetandaza maji mpaka milima ya Kongo. Nilinyoosha mkono nikamwonyesha. Hata hakutazama.

"Bon," akasema, akichanganya Kifaransa, "iko karibu kwa macho. Kwa miguu iko mbali. Na mi niko mutu moja."

"Na sabuni?"

"Sabuni ilikwisha."

"Ilikwisha lini?"

"Mama," akasema, sasa sauti imebadilika, "hawa ni wazee. Ukimuosha asubuhi, saa sita anajichafua. Donc, utamuosha mara ngapi?"

Nikamwambia, "Na wewe ukila asubuhi, saa sita si unaona njaa? Mbona unakula tena?" Alifunga daftari lake akaingia ndani.

Nilipokuwa nikishuka, mwanamke aliyefagia nyumba ile alinikimbilia na ufagio mkononi. Alikuwa mtu mzima, mjane wa hapo jirani, na ndiye mfanyakazi pekee aliyekuwepo pamoja na yule mwangalizi. Alizungumza haraka huku akitazama nyuma.

"Sabuni haikukwisha. Iko kwa kabati, na mashuka pia. Inaletwa kila mwezi. Ufunguo iko naye."

"Anaiweka ya nini?"

"Inangoja siku ya daktari. Daktari akikuja, anaweka kipande kwa kila kitanda, anatandika mashuka. Daktari akienda, anakusanya."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile. Akaongeza kwamba yeye alipoanza kazi alikuwa akiwaosha kwa maji matupu, mpaka mgongo ukamshinda na akaambiwa kazi yake ni sakafu, si watu. Alipokuwa akisema hayo alilia. Sikujua kama nimwonee huruma au nimkasirikie. Nilifanya yote mawili.

Kesho yake nilipanda tena na ndoo kichwani, sabuni, wembe, chumvi, mafuta ya mawese, na kanga mbili safi. Mwangalizi alinizuia mlangoni.

"Leo haiko siku ya kutembelea."

"Sikuja kutembelea. Nimekuja kuosha."

"Sheria ya hapa—"

"Isome hiyo sheria kwa sauti," nikamwambia, "mpaka pale palipoandikwa kwamba mtu aoze kitandani. Ukinionyesha hapo, nitarudi na ndoo yangu."

Nilipita. Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Mimi si mtu wa maneno mengi mbele ya watu wa ofisi. Mfagiaji alinichemshia maji jikoni. Nililowanisha kile kitambaa kilichogandia kidondani, nikangoja, nikalowanisha tena, kikatoka kidogo kidogo. Shangazi aling'ata ncha ya kanga, hakulia. Nilimnyoa nywele zote. Kucha nilizilowesha katika maji ya moto muda mrefu ndipo wembe ukapita. Maji ya ndoo ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Nilipomgeuza, nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Nilianza kumwosha kwa nguvu, kwa ile hasira niliyokuwa nayo kwa wengine, mpaka akasema kwa sauti ndogo, "Polepole, mwanangu." Hapo ndipo nilipolia.

Kwenye kitanda kilichofuata alilala bibi mmoja wa Busasamana, mkulima kutoka huko juu karibu na volkano, ambaye hakuwa na mtu. Hakujua Kiswahili. Muda wote alikuwa akitutazama. Nilipomaliza kumpaka shangazi mafuta, yule bibi alinyoosha mkono wake nje ya blanketi, akauacha hewani. Hakuomba. Aliunyoosha tu.

"Mwoshe na yeye," shangazi akasema.

Nitasema ukweli. Nilikuwa nimechoka, maji yalibaki robo ndoo, na nilitaka kwenda nyumbani. Nilimwosha mikono na uso, basi. Yeye akasema "Murakoze, murakoze," ananishukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe. Nilishuka mteremko nikijua chini ya blanketi lile kuna nini, na kwamba sikufunua kwa sababu sikutaka kujua.

Jioni ile nilikwenda kwa kaka. Nilimkuta anakula, nikamwambia aweke chakula chini.

"Umewahi kwenda kumwona shangazi?"

"Nimekwenda mara nyingi."

"Ulifunua blanketi?"

"Mimi mwanamume, nitamfunuaje shangazi yangu?"

"Na pua yako nayo ni mwanamume? Haikusikia chochote?"

Wifi yangu, ambaye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine mguuni, alisimama kati yetu akitaka kusema kitu. Kaka akamtangulia.

"Wewe hukuwepo," akaniambia. "Ulikuwa Bukavu. Mimi nilimbeba mgongoni mwezi mzima hapa ndani, na mke wangu tumbo kubwa, na shangazi akipiga kelele za maumivu. Nilipoambiwa kuna nyumba ya wazee nilifikiri nimempata Mungu. Nilikuwa nasimama mlangoni kwa sababu nilijua nikiingia nitamrudisha, na nikimrudisha tutamweka wapi?"

Ni kweli sikuwepo. Lakini hasira ni kitu cha ajabu, haiondoki kwa sababu mtu amekujibu vizuri. Wifi akasema, "Tumlaze chumba cha mbele. Sisi tutalala na watoto." Mambo yakaisha hapo, mwenye nyumba iliyojaa kuliko zote ndiye aliyepata nafasi.

Kumbe hata kumtoa mtu katika uchafu kulitaka karatasi. Mwangalizi alisema mgonjwa haondoki mpaka daktari atie sahihi. Daktari alikuja mara moja kwa mwezi, na hakuna aliyetaka kutuambia siku. Mfagiaji ndiye aliyetuambia: Alhamisi ijayo.

Alhamisi asubuhi mimi na kaka tulifika mapema. Nyumba niliikuta imegeuka. Dirisha lilikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji, yale yale yaliyokuwa mbali. Kila kitanda kilikuwa na shuka jeupe lenye mikunjo ya kabatini, limelazwa juu ya godoro lile lile lililolowa. Kwenye kigoda kando ya kila kitanda kulikuwa na kipande cha sabuni, na kila kipande bado kilikuwa na kona zake kali, hakijawahi kuguswa na maji. Mwangalizi alikuwa akipita na kitambaa kimoja na ndoo moja, anafuta nyuso sita, akiwaambia wale bibi, "Daktari akiuliza, semeni iko muzuri."

Daktari aliingia na leso puani. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alionekana amechoka, na gari lake lilikuwa likinguruma nje bila kuzimwa. Alipita miguuni pa vitanda akitazama mashuka. Shangazi alikuwa safi, kwa mikono yangu, na nilimwona daktari anaitikia kwa kichwa kuridhika, kana kwamba nyumba ile ndiyo iliyomsafisha. Nilifungua mdomo, lakini kabla sijasema, yule bibi wa Busasamana alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alilishika shuka lake jeupe kwa mikono miwili, akalivuta pembeni, na gauni pia, akageuka ubavu. Alimwonyesha daktari mgongo wake.

Sitaeleza kilichokuwepo. Kidonda cha shangazi kilikuwa kidogo kuliko hicho.

Daktari aliitoa leso puani. Aliuliza kitu kwa Kifaransa, na mwangalizi akajibu kwa Kifaransa, akicheka kile kicheko cha mtu anayetaka kuchekewa. Kaka, ambaye alijifunza lugha hiyo kidogo kazini, alininong'oneza: "Anasema ni umri. Anasema ngozi ya wazee iko hivyo."

Basi nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti. "Muulize kabati lina nini. Muulize kwa nini sabuni hizi zina kona. Ondoa shuka, daktari, tazama godoro!" Kaka akatafsiri, na namshukuru kwa hilo mpaka leo, kwa sababu alitafsiri yote, hata nilipomtaja mwangalizi kwa jina lisilofaa.

Daktari aliondoa shuka la bibi yule. Akaondoa la pili. La tatu hakuondoa. Alikwenda kabatini akataka ufunguo, akafungua. Sabuni zilikuwa zimepangwa kama matofali. Mashuka, taulo, hata poda ya chawa, makopo mazima ambayo hayajafunguliwa. Kila kitu kilichohitajika kilikuwa pale, hatua kumi kutoka kwenye vitanda.

Ningependa kusema kwamba mtu yule alifukuzwa siku hiyo. Hakufukuzwa. Daktari alimgombeza, akampa mfagiaji ufunguo, akaandika kitu katika daftari. Kisha akanigeukia mimi, na kaka akatafsiri: kwamba nimefanya vizuri kumjulisha, lakini siku nyingine nipitie ofisini, nisipige kelele mbele ya wagonjwa. Mbele ya wagonjwa! Kana kwamba kilichowasumbua wale bibi kilikuwa sauti yangu. Akatia sahihi karatasi ya shangazi akaondoka.

Wanaume wanne walimbeba shangazi kwa ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wagonjwa wote wa milimani walibebwa nayo. Walipompitisha kando ya kitanda kilichofuata, alimshika mkono bibi wa Busasamana, na wale wabebaji wakasimama kungoja. Shangazi alisema Kiswahili, bibi Kinyarwanda, na hawakuwa na haja ya mtu wa kutafsiri.

Nyumbani kidonda kilichukua miezi kufunga. Tulimgeuza kwa zamu: mimi asubuhi, wifi mchana, kaka jioni. Ndiyo, kaka. Mara ya kwanza alifumba macho na kugeuza uso pembeni, shangazi akamwambia, "Fumbua, utaniangusha. Nilikuogesha wewe mpaka una meno." Alicheka, na sisi wote tukacheka, na tangu hapo hakufumba tena. Siku ya tano tangu arudi, aliomba maji ya udhu. Aliswali akiwa amelala, kwa ishara ya kichwa, na alipomaliza aliendelea na dua muda mrefu sana hata wifi akanituma nikamtazame. Baadaye, kidonda kilipopona, kaka alimpeleka kwa mtumbwi mpaka kwenye chemchemi ya maji ya moto ya Nyamyumba. Alikaa ndani ya maji yale mpaka shingoni, akakataa kutoka, akatutukana tulipomwambia jua linazama. Aliishi nasi mwaka mmoja na nusu. Hakulala na uchafu hata siku moja, na siyasemi haya kwa kujisifu, kwa sababu kazi yenyewe haikutushinda. Hilo ndilo linalonikasirisha. Ilikuwa kazi nyepesi. Ilikuwa maji, sabuni, na mtu wa kugeuza.

Tangu siku za mwanzo shangazi alitutuma turudi kule juu. Kila wiki wanawake wanne watano wa mtaani tulipanda na ndoo kuwaosha wale waliobaki. Wengi wao hawakuwa Waislamu, na baadhi ya majirani walituuliza wale ni nani wetu. Tulikwenda tu. Nilimwosha bibi wa Busasamana mwili mzima, mara nyingi, na alijifunza kunitania kwa Kiswahili. Aliniita "Kelele".

Kisha mvua kubwa zikaja, njia ya mteremko ikakatika, na hatukupanda kwa wiki tatu. Tuliporudi, kitanda chake kilikuwa kitupu, godoro limesimamishwa ukutani. Mfagiaji alisema yeye mwenyewe alikuwa ameugua homa siku kumi, na alipougua, ufunguo ulirudi kwa mwangalizi. Bibi alikuwa ameshazikwa. Wiki tatu tu. Nilihesabu siku zile njia nzima nikishuka, nikitafuta siku ambayo tungeweza kupita kwenye matope yale kama tungetaka kweli, na niliipata. Nilipata mbili.

Mwaka uliofuata mwangalizi alihamishwa. Tulifurahi, mpaka tukasikia amepewa kusimamia nyumba nyingine, kubwa kuliko ile, kwa sababu vitabu vyake vilikuwa safi na hakuwahi kumaliza vifaa alivyopewa. Nilikutana naye mara moja sokoni, siku ya soko, nikiwa na wifi. Alinijua. Alivua kofia na kuniambia, "Habari, mama? Wazee iko salama?"

Nilipita bila kujibu. Wifi alinivuta mkono, akaninong'oneza kwamba si adabu kumnyima mtu salamu mbele za watu. Nilimwambia aniache. Yule mtu alikuwa bado amesimama pale na kofia mkononi, anatabasamu, na watu waliokuwa wakinunua viazi walinitazama mimi kwa mshangao, wakijiuliza mwanamke gani huyu asiye na heshima.